Ukurasa wa Shukrani: Kisa cha Kliniki Iliyotoa Siri za Wagonjwa Bila Kuibiwa

Usuli

Kisa hiki kinahusu kliniki ndogo ya afya ya wanawake katika mji mmoja wa pwani ya Kenya. Nilihusika nacho kama mtaalamu wa tovuti aliyeitwa baada ya tatizo kugunduliwa, kwa hiyo sehemu ya mwanzo nimeipata kwa kuwahoji wahusika, na iliyobaki niliishuhudia mwenyewe. Jina la kliniki, mji, miezi na kila jambo linaloweza kumtambulisha mtu limeondolewa au kubadilishwa.

Kliniki hiyo hutoa huduma za uzazi wa mpango, uangalizi wa wajawazito, uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, vipimo vya magonjwa ya zinaa na ushauri nasaha kwa wanawake waliopoteza ujauzito. Kwa miaka mingi miadi ilipangwa kwa simu, na kila asubuhi laini ya mapokezi ilikuwa haishikiki. Ndipo uongozi ulipoamua kuweka fomu ya miadi kwenye tovuti. Fundi aliyepewa kazi hiyo aliomba kuonyeshwa karatasi ambayo mgonjwa huijaza anapofika, akaihamishia kwenye tovuti ilivyo: jina kamili, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, umri, hali ya ndoa, huduma inayohitajika, tarehe, na kisanduku cha maelezo zaidi. Hakuna aliyeuliza kama mtu anayeomba miadi tu anapaswa kutaja mambo yote hayo kabla hata hajaonana na muuguzi.

Chini ya kila ukurasa palikuwa na sera ya faragha. Ilikuwa imenakiliwa kutoka tovuti nyingine, ikataja kanuni za Umoja wa Ulaya lakini isitaje popote Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, ambayo ndiyo inayoihusu kliniki. Ndani yake mlikuwa na ahadi kwamba taarifa za mgonjwa hazitapewa mtu mwingine yeyote. Mkurugenzi aliniambia kwamba aliiamini ahadi hiyo kwa dhati, na mimi sina sababu ya kumtilia shaka.

Mambo mawili zaidi yalifanywa kwa nia njema. La kwanza ni ukurasa wa shukrani. Mgonjwa alipotuma fomu, alipelekwa kwenye ukurasa uliomtaja kwa jina, ukamshukuru na kumthibitishia huduma na tarehe aliyoomba. Ili ukurasa huo umjue, fundi alizipachika taarifa hizo kwenye anwani yenyewe ya ukurasa, baada ya alama ya kuuliza: jina, simu, huduma, tarehe. La pili ni msimbo wa kufuatilia wageni. Kliniki iliwahi kulipia matangazo katika mtandao mmoja wa kijamii, na wakala wa matangazo akaweka msimbo huo kwenye kurasa zote ili ajue ni wangapi waliobofya tangazo na kisha wakaomba miadi. Matangazo yaliisha baada ya wiki chache, lakini msimbo ulibaki.

Kila moja kati ya hayo mawili lina kasoro yake, ila yalipokutana kasoro hizo zikawa kubwa zaidi. Msimbo wa kufuatilia husoma anwani kamili ya ukurasa uliofunguliwa na kuituma kwa seva za kampuni ya matangazo, pamoja na alama inayotambulisha kivinjari cha mgeni, ambayo huwa imehifadhiwa kwenye kidakuzi, yaani faili dogo linaloachwa ndani ya kivinjari. Kwa hiyo kila mwanamke aliyeomba kipimo kupitia fomu ile, jina lake, simu yake na aina ya kipimo vilisafiri hadi nje ya nchi katika sekunde ileile aliyokuwa akisoma maneno ya shukrani.

Yaliyotokea

Siku ya Jumatatu asubuhi mwanamke mmoja, ambaye nitamwita Bi. A, alifika mapokezi akiwa amefadhaika. Miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameomba miadi kwa simu yake. Kivinjari cha simu hiyo kilikuwa kimefunguliwa kwa akaunti moja na tableti ya nyumbani inayotumiwa na jamaa kadhaa, na vifaa vilivyounganishwa hivyo hushirikiana historia ya kurasa zilizotembelewa. Jamaa mmoja alipoanza kuandika herufi za tovuti nyingine kwenye tableti, kivinjari kikamkamilishia anwani kwa kumletea ile ya kliniki, na ndani yake likasomeka jina la Bi. A na huduma aliyokuwa ameiomba. Mazungumzo yaliyofuata nyumbani kwake si yangu kuyaandika.

Mhudumu wa mapokezi alimsikiliza kwa upole, akamwomba radhi na kuandika malalamiko kwenye daftari. Kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani tatizo ni la simu ya Bi. A. Daftari lilifika mezani kwa meneja siku ya Jumatano jioni. Meneja alijaribu fomu kwa jina la uongo, akaona anwani ilivyo, na Alhamisi asubuhi akanipigia.

Nilipofungua tovuti niliitambua hitilafu katika dakika za mwanzo. Iliyonichukua siku nzima ni kazi ya kufuata njia ambazo taarifa zilipita. Nilizikuta mahali pa aina nne: kwenye kumbukumbu za seva, ambazo huandika kila anwani iliyoombwa na zilikuwa hazijafutwa tangu fomu iwekwe, kwenye nakala rudufu za kumbukumbu hizo kwa kampuni iliyoikodisha kliniki seva, kwa kampuni ya matangazo, na kwenye historia ya vivinjari vya wagonjwa wenyewe.

Meneja aliniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: mbona tovuti ina alama ya kufuli? Kufuli huonyesha kwamba mazungumzo kati ya simu ya mgonjwa na seva yamefichwa yakiwa njiani, hivyo mtu anayechungulia mtandao wa mgahawa hawezi kuisoma anwani hiyo. Halizuii anwani kuandikwa pande zote mbili za safari, wala halizuii msimbo ambao kliniki yenyewe iliukaribisha ndani ya ukurasa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mwepesi. Alhamisi mchana tuliondoa msimbo wa kufuatilia kwenye kurasa zote, tukafunga fomu, tukaweka nambari ya simu mahali pake. Meneja alipendekeza tuitengeneze fomu ikiwa hewani ili wagonjwa wasisumbuke. Tulikataa, kwa sababu kila saa iliyopita ilikuwa inaongeza watu kwenye orodha.

Uamuzi wa pili uligusa kumbukumbu za seva. Mkurugenzi alitaka zifutwe zote papo hapo, na hisia hiyo naielewa: mtu akiona siri za wagonjwa zimelala wazi, hamu yake ni kuziondoa. Lakini kumbukumbu hizo ndizo zilizokuwa ushahidi pekee wa nani ameathirika, kwa taarifa zipi na lini. Kuzifuta kungeifanya kliniki ishindwe kuwaarifu wagonjwa, na mbele ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, anayesimamia Sheria, kungeonekana kama kuficha. Tulitoa nakala moja, tukaifunga kwa nenosiri kwenye diski isiyounganishwa na mtandao, ikawekwa kwenye kabati la chuma la mafaili ya wagonjwa, na hapo ndipo za kwenye seva zikafutwa. Kampuni ya seva iliandikiwa barua ya kuomba nakala rudufu nazo zifutwe.

Uamuzi wa tatu ulihusu muda. Kifungu cha 43 cha Sheria kinamtaka mdhibiti wa data, yaani anayeamua data ichukuliwe kwa nini na vipi, hapa kliniki, amwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu atambue kwamba taarifa zimefikiwa na asiyeruhusiwa, ikiwa pana hatari ya kweli ya madhara kwa mhusika. Swali lilikuwa saa hizo zihesabiwe tangu lini. Wakili wa kliniki alihesabu tangu Alhamisi, siku hitilafu ilipothibitishwa. Mimi niliona kwamba mgonjwa aliposimama mbele ya meza ya mapokezi Jumatatu na kueleza kisa chake, kliniki ilikuwa imeambiwa, hata kama aliyeambiwa hakuelewa uzito wake. Sheria inaruhusu taarifa iliyochelewa mradi iambatane na sababu za kuchelewa. Baada ya mjadala mrefu, kliniki ilituma taarifa yake Ijumaa, ikataja Jumatatu kuwa siku ya malalamiko, na ikaeleza bila kupamba jinsi daftari lilivyokaa siku mbili. Naamini huo ndio uamuzi uliokuwa wa heshima kuliko yote katika kisa hiki, na mkurugenzi aliufanya akijua kwamba anajiandikia kosa.

Uamuzi wa nne, wa namna ya kuwaarifu wagonjwa, ulituchukua siku nyingi kuliko yote mengine kwa pamoja. Sheria inataka mhusika aarifiwe kwa maandishi mapema iwezekanavyo. Rasimu ya kwanza ilikuwa ujumbe mfupi kwa kila nambari: kliniki fulani inasikitika kukujulisha kwamba taarifa zako zimefichuka. Muuguzi mkuu, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi katika kazi hiyo, aliisoma mara moja akaiweka chini. Alitueleza kwamba wengi wa wagonjwa wake hawana simu ya peke yao, kwamba ujumbe husomwa na mume, mama mkwe au mtoto aliyeishika simu kucheza mchezo, na kwamba jina la kliniki pekee, bila neno lingine, linatosha kuleta maswali nyumbani. Kwa njia hiyo tungewaomba radhi wanawake kwa kuwafanyia kosa lilelile mara ya pili.

Kwa upande mwingine, kunyamaza kusingekubalika, na si kwa sababu ya sheria tu. Kati ya mahali pa aina nne palipobaki taarifa, historia ya vivinjari ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na madhara, na hiyo haifikiwi na mtu yeyote isipokuwa mwenye simu. Kliniki haikuweza kuifuta kutoka mbali. Mwanamke asiyeambiwa asingejua kwamba kuna kitu cha kufuta, na kila siku aliyokaa bila kujua ilikuwa siku ya hatari ambayo angeweza kuepushwa nayo kwa maelezo ya dakika mbili.

Tulikubaliana kumpigia kila mgonjwa, na barua ifuate kwa njia atakayoichagua yeye. Ilinunuliwa laini mpya, kwa kuwa nambari ya kliniki ilikuwa imehifadhiwa kwenye simu za watu wengi kwa jina lake na ilionekana pia katika programu zinazomtaja mpigaji. Wauguzi wawili walipewa kazi hiyo, wala si mhudumu wa mapokezi wala mimi. Muuguzi alianza kwa salamu, akauliza kama anazungumza na fulani, kisha: “Dada, una nafasi ya kuzungumza peke yako sasa hivi?” Ikiwa hana, walipanga wakati mwingine. Ikiwa simu imepokewa na mtu mwingine, muuguzi aliomba samahani kwa usumbufu na kukata bila kutaja kliniki. Mgonjwa alipokuwa tayari, alielezwa kilichotokea kwa lugha nyepesi, akaelekezwa hatua kwa hatua namna ya kufuta historia kwenye simu yake na kuangalia vifaa vingine vilivyounganishwa na akaunti hiyo, kisha akaulizwa barua yake aipokee vipi.

Matokeo

Wagonjwa wengi walifikiwa katika wiki tatu. Baadhi walikasirika, na walikuwa na haki. Wengine walishukuru, hasa waliokuta anwani ile bado iko kwenye simu zao. Kundi dogo halikupatikana kwa sababu nambari zilikuwa zimebadilika, na kliniki iliweka alama kwenye mafaili yao ili waambiwe watakapofika.

Palitokea kosa moja zito. Mume wa mgonjwa mmoja aliona nambari ngeni kwenye simu ya mkewe, akaipigia jioni. Muuguzi alikuwa ameiacha simu mezani, na mfanyakazi ambaye hakupewa maelekezo aliipokea kwa desturi ya kazi, akaitaja kliniki kwa jina. Mgonjwa huyo, Bi. B, alikuja kulalamika. Kliniki ilimwandikia Kamishna taarifa ya nyongeza, na kuanzia siku hiyo simu ile ilizimwa kila muuguzi alipoondoka.

Kampuni ya matangazo ilitumiwa ombi la kufuta data iliyopokea. Kliniki ilipata jibu la kuthibitisha kwamba ombi limefika. Kilichotokea baada ya hapo ndani ya seva za kampuni hiyo hatuna njia ya kukikagua, na katika barua kwa wagonjwa tuliliandika jambo hilo waziwazi.

Fomu mpya ilirudi hewani baada ya mwezi mmoja. Ina visanduku viwili: nambari ya simu, na saa ambayo mtu angependa kupigiwa. Hata jina haiulizi. Mgonjwa akitaka atalitaja akipigiwa. Ukurasa wa shukrani sasa una anwani moja kwa watu wote. Kumbukumbu za seva hufutwa zenyewe kila baada ya siku 30, na sera ya faragha iliandikwa upya kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, ikisema taarifa gani zinachukuliwa, kwa nini, zinakaa muda gani na nani wa kumwendea mtu akitaka zifutwe.

Uchambuzi

Watu wanaposikia habari za taarifa kufichuka hufikiria mdukuzi. Hapa hakuna aliyedukua chochote. Tovuti ilifanya kazi kama ilivyoagizwa, kila siku, bila hitilafu, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Jambo hili si la kliniki hii peke yake. Mwezi Februari 2023 mamlaka ya Marekani inayolinda walaji ilitangaza adhabu ya dola milioni 1.5 dhidi ya GoodRx, huduma ya mtandaoni ya bei nafuu za dawa, kwa kuzipa kampuni za matangazo taarifa za afya za watumiaji wake, na njia mojawapo ilikuwa misimbo ya kufuatilia ya aina hiihii. Kampuni kubwa yenye wanasheria na wahandisi iliteleza mahali palepale ilipoteleza kliniki yenye wafanyakazi wachache. Tofauti ni kwamba nchini Kenya hali ya afya ya mtu imetajwa na Sheria kuwa data nyeti, na kifungu cha 49 kinataka idhini ya mhusika kabla data ya namna hiyo haijachakatwa nje ya nchi. Idhini hiyo haikuwahi kuombwa, kwa kuwa hakuna ndani ya kliniki aliyejua kwamba data inatoka.

Chanzo ninachokiona kikubwa kuliko msimbo na anwani ni ile karatasi ya mapokezi. Fundi alipoihamishia kwenye tovuti, alihamisha maswali bila kuhamisha mazingira yake. Karatasi hujazwa ndani ya chumba, hupokewa na mkono wa mhudumu na kuingia kwenye faili lililofungiwa kabatini. Swali la hali ya ndoa lina mlinzi wake. Likiwekwa kwenye fomu ya tovuti linapita kwenye kivinjari, seva, nakala rudufu na barua pepe kabla ya kufika kwa muuguzi ambaye, kama alivyoniambia mwenyewe, hakuwa analisoma kabisa kwa sababu angemuuliza mgonjwa tena ana kwa ana. Kifungu cha 25 kinataka data inayokusanywa iwe ya kutosha, yenye kuhusika, na isiyozidi mahitaji ya kazi. Kama fomu ingekuwa na visanduku viwili tangu mwanzo, ukurasa wa shukrani usingekuwa na siri ya kuitoa, hata kwa kosa lilelile la anwani na msimbo uleule.

Sera ya faragha nayo inastahili lawama zaidi ya zile inazopewa kwa kawaida. Ningeelewa kama ingekosekana. Kuwepo kwake kulifanya madhara, kwa maana ilimpa mkurugenzi utulivu usio na msingi na ikampa mgonjwa ahadi isiyokuwa na mtu wa kuitimiza. Laiti ingeandikwa na mtu wa kliniki mwenyewe, angelazimika kuorodhesha nani anapokea nini, na hapo angekutana na msimbo wa matangazo.

Kwa mapokezi, sitaki kumlaumu mhudumu. Alifanya lililo jema kwa kumsikiliza na kuandika. Hakuwa amewahi kuambiwa kwamba malalamiko kwamba siri ya mgonjwa imetoka nje hayalali kwenye daftari, na mwenye jukumu la kumwambia alikuwa mwajiri wake. Siku zile mbili zilitosha kuongeza wagonjwa wapya kwenye orodha. Tuliwaona kwenye kumbukumbu, kwa majina.

Uamuzi wa kupiga simu bado naufikiria. Ulituokoa na ujumbe mfupi ambao ungeleta balaa, lakini ulituletea kisa cha Bi. B, na nakubali kwamba tulipanga vizuri simu za kutoka huku tukisahau kabisa simu za kurudi. Laini ile ilipaswa kuwa na mpokeaji mmoja au isipokewe kamwe. Hata hivyo, nikipewa kazi hiyo tena nitaanza kwa kumtafuta mtu kama yule muuguzi mkuu kabla ya kumtafuta wakili, kwa sababu Sheria ilituambia kwamba tuarifu kwa maandishi na yeye ndiye aliyejua maandishi hayo yatasomwa na nani.

Kuhusu barua zenyewe, wagonjwa wengi walichagua zikae mapokezi ndani ya bahasha hadi watakapokuja. Bi. A alikuja baada ya miezi miwili. Aliisoma yake akiwa amesimama, akauliza maswali mawili kuhusu kampuni ya matangazo, akaikunja na kumrudishia muuguzi aihifadhi kwenye faili, kwa kuwa nyumbani hakuwa na mahali pa kuiweka.